Jinsi nilivyopata utafutaji wa mafaili usiotoka nje ya kompyuta yangu

Kazi yangu ni kurekodi mahojiano na kuyaandika. Watu hunieleza habari za ndoa zao, mirathi, magonjwa na ugomvi wa mashamba, na kila mmoja nimemwahidi kwamba maneno yake hayatasomwa na mtu asiyehusika. Kadiri miaka ilivyopita mafaili yakawa mengi: maandishi ya Word, PDF, barua pepe zenye viambatisho, na kurasa za karatasi zilizoskaniwa. Nikitaka kurudi kwenye jambo fulani, jina la faili halinisaidii kitu. Ninachokumbuka ni kwamba mama mmoja alitaja hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na shemeji yake, basi.

Kwa hiyo nilihitaji programu inayosoma ndani ya mafaili. Hapo programu kadhaa nzuri zilitoka kwenye orodha yangu mapema. Everything, inayopendwa na watumiaji wengi wa Windows, ni ya haraka ajabu kwa sababu husoma jedwali kuu la mafaili la NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, badala ya kuzunguka folda moja moja, lakini kazi yake hasa ni majina. Kwa majina sijaona ya kuishinda, na bado naitumia kwa hilo.

Sharti la pili lilikuwa kubwa zaidi: maandishi yabaki hapa nilipo. Hofu hiyo ina historia. Google Desktop ilipotoka mwaka 2004 watu waliifurahia sana, kwani ilitafuta kwenye kompyuta kama vile mtu anavyotafuta kwenye wavuti. Kisha Februari 2006 likaja toleo lenye uwezo wa kutafuta katika kompyuta zako zote kwa pamoja, na ili hilo liwezekane nakala za maandishi ziliwekwa kwenye seva za Google. Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani linalotetea faragha, likawahimiza watu wasiutumie uwezo huo. Programu yenyewe ilifungwa mwaka 2011, lakini swali lake halijafungwa: kisanduku cha kutafutia kikiwa kwenye meza yako, maandishi yanayotafutwa yanakaa wapi? Ninauliza hivyo kwa kila programu, hata zile zilizokuja na kompyuta. Menyu ya Windows, kwa mfano, ikiachwa ilivyo huleta pia matokeo ya wavuti, maana yake neno uliloandika ukitafuta faili lako limetoka nje.

Nilichagua Recoll. Ni programu huria, inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, na imejengwa juu ya Xapian, maktaba ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya utafutaji. DocFetcher nayo ni nzuri, na kwa mtu asiyependa kugusa mipangilio huenda ikamfaa zaidi. Mimi nilitaka kuamua mwenyewe faharasa ikae wapi, na Recoll inaniruhusu.

Faharasa ndiyo roho ya jambo hili lote, kwa hiyo inafaa kuielewa kabla ya kubofya chochote. Programu hupita kwenye kila faili, hutoa maandishi yake, na kuandika neno gani limo katika faili lipi na mahali gani. Baadaye ukitafuta, haifungui mafaili tena. Inasoma orodha hiyo tu, ndiyo maana majibu huja papo hapo. Recoll huhifadhi pia maandishi ya hati ili ikuonyeshe dondoo chini ya kila jibu. Tafakari hilo kidogo. Mtu akiipata faharasa yangu, amepata mahojiano yote bila kufungua hata moja. Ni nakala ya siri zote katika sehemu moja tena iliyopangwa vizuri, na ndiyo inayostahili ulinzi wa kwanza.

Recoll ikiwashwa mara ya kwanza hupendekeza kufaharasisha folda yako yote ya nyumbani. Nilikataa. Kwenye faili la mipangilio, recoll.conf, kuna mstari unaoitwa topdirs unaotaja folda za kusomwa, na mwingine uitwao skippedPaths wa folda za kurukwa. Niliruka folda ya nywila, ya funguo za usimbaji (kufunga data isisomeke bila nywila au ufunguo), na ya mambo ya benki. Sina haja ya kutafuta neno ndani ya vitu hivyo, kwa nini basi nivinakili?

Halafu nikatenganisha faharasa mbili. Ya kwanza ni ya mambo ya kawaida: makala nilizopakua, barua za kikazi, rasimu. Ya pili ni ya mahojiano peke yake, na hii mipangilio yake pamoja na faharasa vimo ndani ya diski ile ile iliyosimbwa ambamo mahojiano yenyewe yanakaa. Recoll huiita kwa amri ya recoll -c ikifuatwa na njia ya folda ya mipangilio. Natumia VeraCrypt kwa diski hiyo, ingawa LUKS, BitLocker na FileVault zinafanya kazi ya aina hiyo. Nikiifunga diski, mahojiano na faharasa hufungwa kwa nywila moja. Ningeweka faharasa kwenye folda ya kawaida, kusimba mahojiano kungekuwa kazi bure.

Kuna mlango mwingine ambao wengi huusahau. Mfumo wa kompyuta nao una mtafutaji wake: Windows Search, Spotlight kwenye Mac, Baloo kwenye KDE, moja ya mazingira ya Linux. Diski ya siri ikiwa wazi, huyo anaweza kuisoma kimyakimya na kuweka maneno yake kwenye faharasa yake mwenyewe. Niliitoa folda ya mahojiano kwenye mipangilio ya mtafutaji huyo kabla ya kufanya lolote lingine. Vilevile nilizuia nakala rudufu zinazopanda kwenye wingu zisichukue faharasa. Ikipotea itajengwa upya, hakuna hasara.

Ili kujiridhisha nilizima intaneti, nikajenga faharasa na kutafuta. Kila kitu kilifanya kazi. Hilo lilionyesha kwamba programu haihitaji mtandao, jambo ambalo si sawa na kusema kwamba haiutumii, kwa hiyo niliifungia pia kwenye ukuta wa moto (firewall), unaozuia programu kuwasiliana na mtandao. Tangu hapo haijawahi kulalamika.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa karatasi zilizoskaniwa. PDF ya skani ni picha, haina herufi ndani yake, kwa hiyo faharasa huipita kama ukurasa mtupu. Nilitumia OCRmyPDF, inayotegemea Tesseract kusoma herufi kwenye picha na kuweka safu ya maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha ya ukurasa. Tesseract ina data ya Kiswahili, nayo lazima isakinishwe kando: amri yangu ni ocrmypdf -l swa, au swa+eng pale hati inapochanganya lugha mbili. Kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta, tofauti na zile tovuti za bure zinazokuomba upandishe hati yako ndipo zikupe maandishi. Hati zilizopigwa chapa zilisomeka vizuri sana. Mwandiko wa mkono hausomeki vya kutosha, kwa hiyo barua za mkono naziandikia muhtasari mfupi katika faili la maandishi lililo karibu nazo, nao muhtasari huo unafaharasishwa.

Baada ya hapo likaja suala la lugha yetu, ambalo maelekezo mengi ya Kiingereza hayaligusi kabisa. Programu hizi zina uwezo wa kurudisha neno kwenye shina lake, lakini Xapian haina kanuni za shina za Kiswahili. Kanuni za Kiingereza hukata mwisho wa neno, na vitenzi vyetu hukua zaidi upande wa mbele: alilipa, hawakulipa, tutakapolipa. Ukiandika "lipa" unapata "lipa" tu, na yale mengine yote yanabaki gizani huku ukidhani hayapo. Dawa ni nyota, alama inayosimama badala ya herufi zozote. Naandika *lipa OR *lipwa OR malipo, na wote hujitokeza. Nyota mwanzoni mwa neno huchelewesha majibu kidogo kwa sababu programu hulazimika kupitia maneno yote iliyo nayo, lakini kwa mkusanyiko wa mtu mmoja kuchelewa huko kunavumilika. Msishawishike kuandika *lip* kwa kutaka urahisi, kwani mtaletewa "lipi", "mlipuko" na "walipofika", na kazi ya kuchambua itakuwa kubwa kuliko ya kutafuta. Nilizima pia kanuni za shina za Kiingereza kwenye faharasa ya mahojiano, maana hazina kazi kwenye maandishi ya Kiswahili.

Kwa utafutaji wa kila siku, ninachokitegemea zaidi ni ukaribu wa maneno. Nikiandika "mpaka shamba"p, Recoll huleta hati ambamo maneno hayo mawili yako karibu bila kujali lipi limetangulia. Neno "mpaka" peke yake halifai kitu, limejaa kila ukurasa. Likiwa jirani na "shamba" ndipo linapoanza kuzungumzia mipaka. Naongeza dir: nikitaka folda moja, ext:pdf nikitaka mafaili ya PDF tu, zikiwemo hati za skani, na date:2019/2021 nikikumbuka miaka. Yule mama na shemeji yake nilimpata kwa "hati shemeji"p, katika faili ambalo nisingelifungua kamwe kwa jina lake.

Faharasa sijaiacha ijisasishe kila dakika. Recoll ina uwezo huo, ila diski yangu ya siri huwa wazi wakati wa kazi tu, kwa hiyo naendesha recollindex mwenyewe nikimaliza kuandika mahojiano, kabla ya kufunga diski. Kwa kuwa husoma tu mafaili mapya na yaliyobadilika, haichukui muda.

Na kuna watu hubadili mawazo. Mtu akiniomba nifute mahojiano yake, ana haki hiyo, na kufuta faili hakutoshi kwa sababu maneno yake bado yamo kwenye faharasa mpaka itakaposasishwa. Kwa ombi la namna hiyo sifanyi usasishaji wa kawaida. Nafuta faili, nafuta nakala zake rudufu, kisha naendesha recollindex kwa -c ya folda ile na -z, amri inayofuta faharasa nzima na kuijenga tangu mwanzo. Ikimaliza natafuta jina lake na maneno mawili matatu ambayo ni yeye pekee aliyeyatumia. Matokeo yakiwa sifuri, ndipo ninapompigia simu kumwambia kwamba yamefutwa.