Roki kongwe husikilizwa, panki hupigwa

Ubishi wa roki kongwe (muziki wa magitaa wa bendi kubwa za zamani) na panki (muziki wa magitaa mfupi, wa kasi na usio na madoido) kwa kawaida huendeshwa kama mashindano ya ubingwa: nani alilipiga gitaa vizuri zaidi, nani alikuwa na sauti. Kwa kipimo hicho panki ilishashindwa zamani na hakuna haja ya kugombana. Lakini uliza swali jingine: ni muziki upi ambao kijana wa Kisauni au Changamwe hapa Mombasa anaweza kuuchukua leo akaufanya wake, bila kungoja mfadhili? Hapo mambo yanageuka. Roki kongwe imedumu kama rekodi. Panki imedumu kama namna ya kufanya kazi, na hiyo haiharibiki njiani.

Kwanza tumpe mkubwa heshima yake. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, kwa hivyo pwani hii ina haki ya kujivuna kidogo bendi yake ya Queen ikitajwa. "Bohemian Rhapsody" ya 1975 ni ya dakika 5 na sekunde 55. Ile kwaya ya katikati waliiimba watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirudia na kupanga sauti juu ya sauti mpaka wakasikika umati mzima. Matokeo yake, Queen wenyewe hawakuweza kuipiga sehemu hiyo jukwaani. Walikuwa wakitoka, kanda inacheza, halafu wanarudi gitaa linapolipuka. Albamu ya Pink Floyd iliyotoka Machi 1973, The Dark Side of the Moon, ilikaa kwenye chati ya Billboard ya Marekani jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Hizi ni kazi za studio: muda mwingi, wahandisi, pesa za kampuni. Uzuri wake umo ndani ya kanda ileile. Bendi ya hoteli ikiuiga vizuri, sifa inamrudia mwenyewe wa kwanza.

Upande wa pili, Ramones wa New York walirekodi albamu yao ya kwanza, ya Aprili 1976, kwa takriban dola 6,400: nyimbo 14, dakika 29. Buzzcocks wa Manchester walikopa kama pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakatoa santuri yao wenyewe Januari 1977 yenye nyimbo 4, na kwenye jalada wakaandika kila wimbo ulirekodiwa jaribio la ngapi. Umuhimu uko hapo kwenye jalada kuliko kwenye bei. Msikilizaji anaonyeshwa kazi ilivyofanywa, naye akipiga hesabu anaona kwamba anaiweza.

Kuna na suala la spika, ambalo wachambuzi wengi hawalitaji. Mfumo wa muziki wa matatu hupandishwa besi na trebo, na sauti za kati zinaachwa chini. Gitaa la umeme linaishi humohumo katikati. Juu yake weka injini, honi na kondakta anayeita Likoni. "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin ina dakika 8 na dramu haziingii mpaka 4 zimepita, kwa hivyo nusu ya kwanza humezwa yote na barabara. Panki huanza kwa sauti ileile itakayomalizia, na sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) inapenya popote. Ila angalia jambo moja: kwenye albamu hiyo ya kwanza ya Ramones, besi imewekwa upande mmoja na gitaa upande mwingine. Dukani kwenye spika moja iliyokufa, au mkigawana kisikilizio kimoja kimoja, mmoja wenu atasikia bendi isiyo na gitaa. Kwenye simu, ingia mipangilio ya usaidizi wa kusikia, uwashe mono.

Sasa mkono wenyewe. Mshiko wa panki una sauti mbili tu: msingi na ya tano yake. Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa 6 (mnene kuliko wote), freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo ya gitaa). Cha pete kwenye uzi wa 5, freti ya 7. Cha mwisho kwenye uzi wa 4, freti ya 7. Hiyo ni A. Umbo hilohilo lihamishe lianzie uzi wa 5 freti ya 5, upate D. Lisogeze freti ya 7, upate E. Nyimbo nyingi mno zimejengwa kwa hayo matatu. Sababu ya kuacha sauti nyingine si uvivu. Msingi na ya tano zinatetema kwa uwiano wa 2 kwa 3, na amplifaya yenye mkwaruzo (sauti iliyopasuliwa makusudi) inazalisha tofauti yao: sauti ya ziada, oktava moja chini ya msingi. Ndiyo maana gitaa moja linasikika nene kama mawili. Sauti ya tatu ya skeli, ile inayoamua furaha au huzuni, ikiwa ya furaha kwenye gitaa huwa imepanda senti 14 juu ya uwiano wake halisi (nusu toni ni senti 100). Gitaa likipigwa kavu huisikii kasoro hiyo. Ukitia mkwaruzo, mshiko mzima unakuwa uji.

Mkono wa kulia ndio unaowashinda watu. Johnny Ramone, mpiga gitaa wa Ramones, alipiga kwenda chini tu, kila nusu pigo, wimbo mzima. Kwa mapigo 160 kwa dakika hiyo ni mara 320 kwa dakika, zaidi ya 5 kila sekunde. Wapiga gitaa wa pwani waliokulia kwenye muziki wa bango na rumba wana mkono wa kushoto mzuri ajabu, lakini wa kulia umezoea kudonoa nyuzi kwa upole. Wa rege nao wamezoea kukata pigo na kunyamaza. Wote wakijaribu kasi hii huanza kupiga chini na juu ili wapumzike, na hapo muziki unabadilika, kwa sababu pigo la juu ni jepesi na linagusa nyuzi nyembamba kwanza. Anza na 120, panda kwa 5 kila unapomaliza dakika 2 bila kukaza bega. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono. Maumivu yakija kwenye kiwiko, mkanda wa gitaa umeuachia chini mno. Kuning'iniza gitaa magotini ni kwa ajili ya picha.

Nyuzi nyembamba za 9 (unene wa inchi 0.009) zikichapwa hivyo hupanda juu ya sauti yake kwa nusu sekunde, maana kipigo kinazivuta na kuzikaza. Tumia seti ya 11 hadi 49. Chumvi ya hapa ni kisa kingine. Jasho na hewa ya bahari hushikisha kutu haraka, kwa hivyo ukimaliza futa kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini ya nyuzi, na ndani ya mfuko wa gitaa tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Tundu la waya likianza kukoroma, nunua dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme. Usitie mafuta ya cherehani. Yatanyamazisha kelele wiki moja, halafu yakusanye vumbi.

Amplifaya za mitumba kutoka Marekani zinahitaji uangalifu kuliko chochote. Nyingi ni za volti 120, na stima yetu ni volti 240. Kile kidude cha kubadilisha umbo la plagi hakigusi volti. Kinachofanya ni kukuruhusu uiunguze. Soma kibandiko cha nyuma, tazama wati zilizoandikwa, kisha tafuta trafo ya kushusha umeme yenye wati mara mbili ya hizo. Ukikosa amplifaya ya gitaa ukachomeka kwenye spika za harusi, mkwaruzo utasikika kama nyuki ndani ya kopo, kwa kuwa spika ya gitaa hukata sauti za juu ya hezi 5,000 hivi na hizo za harusi hupitisha zote. Shusha trebo karibu na sifuri. Kosa kubwa zaidi ni geini (kitufe cha kuongeza mkwaruzo) kujazwa mpaka mwisho. Chumbani peke yako inapendeza, lakini dramu zikiingia gitaa linapotea. Geini nusu, sauti za kati 7, besi 4, na umwachie mpiga besi eneo lake.

Dramu zenyewe hazina maneno mengi: kiki (dramu kubwa ya mguu) pigo la 1 na la 3, sneya la 2 na la 4, hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) inajaza. Tatizo ni kukimbia. Wimbo ulioanza 160 unamalizika 175 na mwimbaji hana pumzi. Fanyeni mazoezi kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye sikio la mpiga dramu peke yake, wengine wamfuate.

Kuhusu wakati: kati ya Alasiri na Magharibi, baada ya watu kutoka kuswali, kuna nafasi ya saa mbili na zaidi. Nyimbo 12 za dakika 2 ni dakika 24, kwa hivyo seti nzima inapigwa mara mbili, vyombo vinazimwa mapema kabla ya adhana, na jirani hana la kulalamikia. Jaribu hivyo kwa bendi yenye solo za dakika 6.

Wanaosema huu ni muziki wa Wazungu watu wazima hawajauchunguza. Poly Styrene wa X-Ray Spex, mmoja wa waimbaji wakali wa London ya 1977, baba yake alikuwa Msomali. Ndugu watatu Weusi wa Detroit, bendi ya Death, walirekodi muziki huu 1975, kabla haujapata jina. Bad Brains wa Washington walipiga panki ya kasi na rege kwenye jukwaa moja. Pale klabu ya Roxy, London, DJ Don Letts alikuwa akipiga santuri za rege kati ya bendi na bendi, maana za panki zilikuwa bado chache, na Bob Marley mwaka huohuo wa 1977 akatoa wimbo kuhusu udugu wa panki na rege. Nairobi wapo Crystal Axis, wenye wimbo juu ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na aliyoyatenda Kongo. Mombasa ni mji wa rege. Mlango uko wazi nusu tayari.

Panapobaki pagumu ni maneno. Bendi nyingi huimba Kiingereza kwa kudhani Kiswahili ni kirefu mno kwa kasi hii. Sivyo. Mkondo wa panki una nusu pigo 8 kwa kila baa (fungu la mapigo 4), na mshororo wa utenzi una mizani 8. Ubeti wa mishororo minne ni baa nne, yaani sekunde 6 kamili kwa mapigo 160. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyewachokoza watawala wa Unguja kwa tungo. Kipimo kipo, na uchokozi upo.

Lakini kuhesabu mizani hakutoshi. Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na unatakiwa uangukie kiki au sneya, yaani nafasi ya 1, 3, 5 au 7. "Bomba kavu, bili yaja" inakaa barabara: bo, ka, bi, ya, zote juu ya mapigo. Mshororo wa pili ukiandika "Mtungi wangu wangoja", mizani ni 8 vilevile, ila mkazo wa "mtungi" na wa "wangu" unaanguka katikati ya mapigo na wimbo unachechemea. Badilisha:

Bomba kavu, bili yaja,
Ndoo tano zinangoja,
Muuzaji keshakuja,
Maji wapi!

Maneno ya silabi mbili au nne hujiweka yenyewe. Ya tatu yatanguliwe na neno la silabi moja, au yasije kabisa. Vina vitatu vyote vinafuata mara tu baada ya sneya ya mwisho ya baa. Mshororo wa nne umekatwa kama kwenye msuko, mizani 4 tu, na hizo 4 zinazobaki ndipo mwimbaji anapovuta pumzi huku bendi nzima ikiwa imepiga kelele naye. Bila hiyo nafasi, mtu hamalizi beti tatu.

Panga hivi: baa 4 za kufungulia, beti mbili, kiitikio cha baa 8, beti mbili, kiitikio, baa 4 za besi na dramu pekee, beti mbili, kiitikio, mnakata pamoja. Hiyo ni dakika 1 na sekunde 24. Ikipita 2, tafuteni aliyeingiza solo.