Jiwe la Ebenezeri na Jani la Isale

Neno la juma: 1 Samweli 7:2–12

Wapendwa katika Bwana, ninawaandikia nikiwa nyumbani Marangu, siku chache baada ya Krismasi. Kama ilivyo desturi ya watoto wa Uchaggani, ambao kila Desemba hupanda mabasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kurudi mlimani, nasi tumerudi. Ila safari hii baba hakutoka kutupokea, kwa kuwa amelala kaburini kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake.

Mwaka huu umetugeuza sana. Baba alitwaliwa mwezi wa Machi, binti yangu akaolewa mwezi wa Juni na kuhamia Songea, na mwezi wa Julai kaka yangu akastaafu na kurudi kujenga kihambani, yaani katika shamba la ukoo. Ujenzi huo ndio uliotukosanisha, kwa sababu sikukubaliana naye kuhusu mahali mpaka unapopita, na ikapita miezi minne bila ya mmoja wetu kumpigia mwenzake simu. Kwa hiyo nilipoombwa kuongoza ibada ya shukrani ya familia, kusema kweli sikujua nianzie wapi.

Nilifungua maneno ya nabii Samweli tunayoyapenda sote, aliyoyasema baada ya Wafilisti kushindwa, alipolisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada: “Hata sasa Bwana ametusaidia.” Nimeyasikia kwenye harusi na kwenye ibada za mwaka mpya, na siku zote niliyachukua kuwa maneno ya watu ambao mambo yao yamewanyookea. Safari hii nilirudi nyuma kidogo katika kitabu kile, nikaona kwamba jina la Ebenezeri halianzii katika sura ya 7. Linatajwa tayari katika sura ya 4, Israeli walipopiga kambi hapo kupigana na Wafilisti, wakashindwa vibaya: askari 30,000 walianguka, sanduku la agano likatekwa, na familia moja ikabomoka kwa siku moja. Hofni na Finehasi waliuawa vitani; baba yao kuhani Eli, mzee wa miaka 98, aliposikia habari za sanduku alianguka kutoka kitini akafa; na mke wa Finehasi alifariki akijifungua mtoto aliyemwita Ikabodi, kwa kuwa utukufu ulikuwa umeondoka katika Israeli.

Jina lile lile la siku ya msiba, ndilo Samweli alilolipa jiwe la shukrani zaidi ya miaka 20 baadaye. Angeweza kuchagua jina jipya lisilomkumbusha mtu yeyote kilio. Tena Wafilisti walikuwa hawajaisha, kwa maana Sauli naye alipigana nao siku zake zote. Ndiyo maana naamini neno “hata sasa” limepimwa vizuri, kwani linashukuru kwa njia iliyokwisha kutembewa na halijifanyi kuijua iliyobaki.

Jambo jingine ambalo nilikuwa nikilipita haraka ni kwamba kabla ya jiwe kulikuwa na toba. Watu walikusanyika Mispa, wakateka maji na kuyamimina mbele za Bwana, wakafunga, wakakiri dhambi zao, na jiwe likaja baadaye. Nilipofika hapo nilifunga Biblia, kwa kuwa nilijua ni nani ninayepaswa kumwendea.

Nasikitika kusema kwamba sikwenda. Kaka ndiye aliyenitangulia. Alfajiri ya tarehe 23 nilisikia hodi, nikafungua mlango, nikamkuta amesimama barazani ameshika jani la isale kwa mikono yote miwili, likiwa bado na umande. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Lakini isale ndilo pia tunalolipanda kuwa mpaka, na jani lile alikuwa amelichuma kwenye mpaka ule ule tuliougombania. Hakusema maneno mengi. Alisema, “Mdogo wangu, baba asingependa,” nami nikalipokea, tukalia wote wawili kama watoto.

Ibada tuliifanya jioni ya Krismasi, baada ya kula machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, sebuleni kwa mama, wajukuu wakiwa wameketi juu ya mkeka. Binti yangu na mumewe walikuwa wamefika kutoka Songea usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilisoma neno, nikasimulia habari za jiwe, kisha nikaomba kila mmoja ataje jambo moja analomshukuru Mungu. Mama alikuwa wa mwisho, naye hakutaja jambo moja, bali alianza na Januari akaenda mwezi baada ya mwezi. Alishukuru kwa kahawa iliyouzwa Januari, kwa mvua ya Februari. Nami niliinamisha kichwa nikingoja kusikia atafanyaje akifika Machi.

“Machi,” alisema, akanyamaza kidogo akiitazama kofia ya baba iliyo bado ukutani. “Machi nakushukuru, Bwana, kwamba alikunywa uji wake asubuhi ile, akaniuliza kama watoto wote wamepiga simu, nami nikaweza kumjibu kwamba wote wamepiga.”

Kisha akaendelea na Aprili.