Siku moja maishani mwangu: fundi wa geji, Unga Limited

Saa 11:40 alfajiri. Arusha ya mwezi wa 7 haimwonei mtu huruma. Mlima Meru umejifunika wingu, na kazi yangu inataka vidole vilivyo hai, maana skrubu ninazoshika nyingine ni ndogo kuliko punje ya mchele. Mama watoto ananipa chai ya tangawizi, nakishikilia kikombe muda mrefu kuliko ninavyokunywa, kisha bodaboda, kisha mtaa wa Unga Limited.

Nikimwambia mtu natengeneza geji za dashibodi, huwa ananielewa kwa namna mbili. Wa kwanza anadhani napima upepo wa matairi. Wa pili anakonyeza jicho, anasogea, anauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo wewe ndiye unayeshusha kilomita?" Huyo wa pili nitamrudia.

Saa 1:30 nafungua. Gereji yetu ni ile inayoitwa bubu, haina kibao wala uzio wa maana. Mafundi injini wako mbele, mchomeleaji yuko kando, mimi nimepewa kona ya kontena kwa sababu sitaki vumbi. Nina meza moja, tochi ya kichwani, bisibisi za fundi saa, mita ya umeme, pamba za masikio na kichupa cha mafuta ya cherehani.

Wiki hii mezani kuna dashibodi ya Land Rover 109 pikapu, Series III, zile zilizotoka kati ya 1971 na 1985. Mwenyewe ni mzee wa Karatu ambaye gari hilo limembebea vitunguu vya Mang'ola miaka na miaka. Tangu lile tamasha la Land Rover lifanyike hapa Arusha Oktoba 2024, watu wamekumbuka magari yaliyokuwa yamegeuka malazi ya kuku. Wanayapiga rangi, wanayavisha matairi mapya, halafu wanakaa kwenye usukani na kukuta mishale imelala kama imekufa. Hapo ndipo wananikumbuka.

Saa 2 mpaka saa 4 sisemi na mtu. Geji zenyewe ni mbili tu, za Smiths: spidomita, na ile ya pili yenye mishale miwili, mafuta na joto. Pete ya mbele huzungushwa taratibu mpaka meno yake yakutane na mapengo, ila hii ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa hiyo ni tone la mafuta, kusubiri, kuzungusha kidogo, kusubiri tena. Uso wa geji unasafishwa kwa pamba yenye unyevu tu. Ukitia spiriti, namba zinaondoka na pamba, na hapo hakuna dukani pa kununua namba.

Watu wengi hawajui kwamba ndani ya spidomita hii hakuna umeme, ukiacha balbu. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku. Juu ya sumaku kuna kikombe chepesi cha alumini ambacho hakigusani nayo hata kidogo, lakini kinavutwa. Kikombe kinataka kuzunguka, springi nyembamba kama unywele inakikatalia. Mshale unakaa pale ugomvi wao unapoishia. Grisi ya zamani ikikauka kwenye mhimili, mshale unaanza kutetemeka kama mkono wa mlevi. Dawa ni kusafisha na kutia tone moja. Ukitia matatu, mafuta yanapanda kwenye kikombe na umeanza ugonjwa mwingine.

Mshale wenyewe nimeupaka rangi upya, mkono mmoja mwembamba. Nilipokuwa mwanafunzi nilipaka mikono miwili, mshale ukawa mzito, gari likasimama nao ukagoma kurudi sifuri. Fundi wangu hakunigombeza. Alicheka tu, na hilo liliuma zaidi.

Saa 4 na kitu akaja dalali. Ana Noah nyeusi, inasoma kilomita 217,000, mteja wake anataka gari "lisilotembea sana".

"Chalii yangu, nishushie mpaka tisini na kitu, elfu hamsini yako hii hapa."

Nikamwambia sifanyi hiyo kazi. Akaongeza kumi. Nikamwambia kaka, hata ungekuja na laki. Akaangalia meza yangu, akaona spidomita ya mzee imefunguliwa, magurudumu ya namba yako wazi, akacheka: "Sasa hapo unafanya nini kama si hicho?" Namba hizo zilikuwa zinasoma 41,207. Zina tarakimu tano tu za maili nzima, zikifika 99,999 zinaanza upya, na hakuna binadamu anayejua zimeanza upya mara ngapi. Nimezisafisha na kuzirudisha palepale, 41,207. Aliondoka akiniita mlokole. Sijatukanwa vizuri hivyo siku nyingi.

Kujaribu spidomita mezani nafunga kipande cha kebo kwenye drili. Chini ya uso kuna namba ndogo inayosema kebo inazunguka mara ngapi kwa maili moja. Gari la maili 60 kwa saa linamaliza maili moja kila dakika, kwa hiyo drili ikizunguka mara hizo kwa dakika, mshale unatakiwa usome 60. Ulisoma 60. Nikala wali maharage kwa mama lishe kama mtu aliyeshinda kesi.

Mzee alifika saa 8.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Limepona?"

Nilikuwa na majivuno, nikiri. Sikusafisha geji tu. Lile bati linalobeba geji lilikuwa na kutu mgongoni, nikalipiga msasa na kulipaka rangi nyeusi mara mbili, mbele na nyuma, likawa linang'aa. Tukafunga kila kitu, dogo anayenisaidia akaunga betri, nikawasha swichi. Mishale miwili ikaanza kupanda polepole kama inavyotakiwa. Ikafika nusu. Ikapita nusu. Wa mafuta ukaenda kukaa umejaa pomoni, wa joto ukaingia kwenye nyekundu.

"Kijana, umeliunguza!" Mzee alishashuka, kiganja kiko kwenye rejeta. Rejeta ya baridi. Injini ilikuwa haijawaka tangu asubuhi.

Nikaanza na tenki. Liko chini ya kiti, unainua kiti na kutoa boya lake, lile linaloelea na kuiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani. Mita ikasema boya ni zima: likiwa chini ukinzani wa umeme ni omu mia mbili na ushee, likiinuliwa unashuka mpaka thelathini hivi. Nikachomoa waya wa joto kwenye injini, mshale ukarudi kwenye baridi, maana yake geji nayo ni nzima. Ikabaki stebilaiza, kijibati kidogo nyuma ya geji kinachopunguza volti 12 za betri ziwe kama 10 kwa kukata na kuunga, kukata na kuunga. Nikaona huyu ndiye mwizi wetu. Nikachomoa nyingine kwenye mkebe wa spea za zamani, nikafunga. Mishale ikapanda vilevile.

Sasa saa sikumbuki. Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani, mguu mmoja nje ya mlango, dogo anamulika tochi kila mahali isipokuwa ninapotazama. Mzee kasimama juu yangu anahadithia kwamba hiyo geji ya mafuta haikuwahi kufanya kazi tangu mwanawe wa kwanza yuko darasa la tatu, kwamba yeye ana ufito wake, anautumbukiza kwenye tenki na kuusoma, kwamba kijana ungeacha tu. Kila nilipomwambia "nakuja, mzee", alianza upya. Waya wa kijani, mzima. Fyuzi, nzima. Shingo, si nzima.

Bisibisi ikaniteleza. Ikaangukia katikati ya kijibati cha stebilaiza na boliti lililokuwa wazi, ikang'ang'ania hapo. Dogo akasema, "Bro, inashuka."

Rangi yangu mwenyewe. Stebilaiza ina waya wa kujipasha moto unaoifanya ikate, na umeme wa waya huo unarudi kwenye bodi kupitia kile kijibati. Nilipaka rangi nzuri nyuma ya bati, nikaiziba njia. Haikuwa inakata kabisa, betri nzima ilikuwa inamwagika kwenye geji. Nikakwangua kwa msasa eneo la ukubwa wa ukucha, nikakaza skrubu. Mafuta yakasoma robo tatu, joto likalala kwenye baridi.

Mzee akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia, "Kuna sehemu ilikuwa haijashika vizuri." Dogo akaangalia pembeni.

Tulilijaribu barabara ya Kisongo, mshale kwenye maili 40, simu ikisema kilomita 62. Tukarudi. Mzee akatoa ufito nyuma ya kiti, akautumbukiza, akautazama, akautazama mshale, akaguna. Alilipa kwa simu, pungufu elfu ishirini, hiyo ataleta vitunguu. Akaondoka jua likizama.

Nimenawa mikono mara tatu bado inanuka petroli, ndipo simu inaita. Mzee, yuko Makuyuni, njiani kurudi Karatu.

"Kijana, ule mshale wako umeharibika tena. Uliniachia robo tatu, sasa uko chini ya nusu."

"Mzee, hayo ni mafuta. Yanatumika."

Kimya. Mlango ukalia. Nikasikia ufito ukigonga chini ya tenki.