Nilivyompata mchongaji azungumze kwenye maonyesho ya chuo

Chuoni kwetu hapa Mtwara hatuna jumba la sanaa. Tuna chumba kando ya maktaba, zamani stoo ya viti vibovu, nilichokabidhiwa ufunguo wake na kuambiwa nifanye ninaloweza. Nilitaka maonyesho ya vinyago vya Kimakonde, pamoja na mazungumzo.

Kuazima vinyago hakukunisumbua sana. Kila mchongaji nilimwandikia hati ya makabidhiano: kazi gani, ukubwa wake, nyufa zilizokwishakuwepo, na bei endapo atapatikana mnunuzi. Nyufa ni muhimu kuandikwa, maana mpingo ukikauka haraka hupasuka, na baadaye itakuwa vigumu kujua nani alaumiwe. Meza tukaziweka mbali na dirisha la magharibi. Tarehe niliipanga kwa kalenda ya mkorosho: ikifika Oktoba, Newala na Tandahimba watu wanawaza korosho na minada, huwezi kumwita mtu aje mjini kuzungumzia ujamaa na shetani, mitindo ya uchongaji wa Kimakonde.

Mapiko ndiyo yaliyohitaji vikao. Kinyago hiki huvaliwa kichwani katika ngoma za jando, ndiyo maana huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Wazee waliniambia wazi, "Hiki ni kitu cha ngoma, si cha meza." Sikubishana. Tulikubaliana tupate kimoja tu, kilichostaafu, kikae juu ya rafu, asikiguse mtu, na ya jando yasizungumzwe mbele ya wasiohusika. Kuna mwenzangu aliyeona huo ni ushamba. Mimi naona ni haki yao, na bila makubaliano hayo tusingekipata kabisa.

Sasa msemaji. Mzee niliyemtaka, wa kutoka Newala, alikataa moja kwa moja. "Mwanangu, mimi si mwalimu. Kusimama mbele ya wasomi nitasema nini?" Nikamuuliza kama angekuja kuchonga tu, wanafunzi wamtazame. Hapo akacheka, akauliza gogo litatoka wapi. Basi meza ya mgeni rasmi na kipaza sauti tukaviondoa, tukatandika mkeka, tukaweka gogo, na wanafunzi wakakaa chini kumzunguka.

Alipoanza kugonga tezo, maneno yalikuja yenyewe. Alieleza kwa nini sehemu ya nje ya mpingo ni ya rangi ya njano hafifu na ni moyo tu ulio mweusi, na kwamba mti huo huchukua miaka mingi mno kukomaa, kwa hiyo akiukosea hana mwingine wa haraka. Mwanafunzi mmoja akauliza atajuaje kinyago kilichopakwa kiwi cha viatu kikauzwa kama mpingo. Mzee hakujibu. Aliomba ndoo ya maji, akaokota kibanzi cha mpingo, akakitupia. Kikazama hadi chini. Akatupa kibanzi cha mti mwingine, kikaelea. "Huyo wa juu umeuziwa kiwi," akasema, na chumba kizima kikacheka. Mhadhara wa slaidi usingefanya hivyo.

Mimi niliongeza machache tu: kwamba George Lilanga, mwana wa Masasi aliyefariki 2005, alianza kwa kuchonga kabla picha zake za rangi hazijampa jina nje ya nchi. Wengi walimdhani mtu wa Dar es Salaam.

Posho ilileta mvutano. Mhasibu alitaka wasifu wa msemaji na vyeti. Nilimwandikia ukurasa mmoja: amejifunza kwa nani, anachonga kwa mtindo gani, kazi zake zimeishia wapi, na jina la mwenyekiti wa kijiji anayemfahamu. Ukapita, akalipwa sawa na mhadhiri mgeni. Nauli ya kwenda na kurudi nilimpa siku hiyohiyo mkononi, maana hiyo haiwezi kusubiri saini.

Tangu hapo kina mama wafinyanzi wameuliza zamu yao ni lini. Wanataka kuja na udongo wao, na kuchomea vyungu uwanjani, jambo ambalo bado najadiliana na watu wa ulinzi.