Nilianza kulala vizuri siku umeme ulipokatika

Miezi kadhaa nyuma transfoma ya mtaani kwetu iliungua, tukakaa gizani siku nne. Nililalamika kama kila mtu, nyama kwenye friji imeharibika, simu nachajia ofisini, ila usiku wa pili nikashtukia kitu, saa tatu na nusu nasinzia kwenye kochi na kandili mbele yangu, mimi ambaye kawaida mpaka saa saba niko macho kodo naangalia dari. Usiku wa tatu hivyo hivyo. Umeme uliporudi, usiku ule ule nikarudia saa saba yangu.

Nikajua ni TV. Nikaizima wiki nzima, wapi. Ndo nikaanza kuangalia taa zenyewe, sebuleni globu nyeupe ya wati 18, chumbani nyingine juu ya kitanda kabisa, nyumba inawaka kama duka la simu. Na jua la Dar linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima halichezi mbali na hapo, kwa hiyo mwili unataka kuanza usiku wake, sisi tunaubonyezea swichi.

Kumbe ndani ya jicho, kule nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo sasa mchana au usiku, na watu wamekuja kuzijua juzi juzi tu, 2002. Zinachokozeka zaidi na mwanga wa bluu, kama nanomita 480, zikichokozeka ubongo unabana melatonini, ile homoni ya usiku. Sasa chukua globu ya LED iliyokufa ufungue kava lake, utaona vidoti vya njano. Ile njano ni unga tu umepakwa juu ya taa ya bluu! Yaani hiyo nyeupe yetu ndani ni bluu.

Basi nikaenda kutafuta za njano. Kwenye boksi angalia namba yenye K, 6500K ni nyeupe kali, 3000K kushuka chini ni njano. Duka la kwanza hamna, la pili jamaa akacheka, "Kaka hizo wanachukua watu wa baa." La tatu zilikuwepo, boksi limejaa vumbi. Nikachukua mbili za wati 5.

Bi mkubwa alikuja kutoka Tanga wiki hiyo hiyo. Akaingia sebuleni, akaangalia juu, akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini wife asisikie, "Mwanangu, hali imekuwa mbaya mpaka taa?" Nikamwambia ni ya usingizi. Hakuamini, asubuhi akanipa elfu kumi.

Simu nayo nimeitoa chumbani, ila hapa niseme ukweli, naona watu wanaibebesha lawama kuliko inavyostahili. Kuna utafiti wa Boston, watu 12, walisoma kwenye tableti masaa manne kila jioni na mwanga umewekwa mwisho, wakachelewa kusinzia kama dakika kumi tu ukilinganisha na waliposoma kitabu cha karatasi. Dakika kumi! Mimi kilichokuwa kinanikesha kwenye simu ni magrupu ya Whatsapp, hata ungeniwekea skrini nyekundu ningekesha tu.

Sasa hivi saa nne na nusu nimeshalala, ukitoa usiku wa mechi za Ulaya. Wife tumekubaliana, taa kubwa ikifika saa mbili na nusu inazimwa, tamthilia yake anaangalia na kataa ka pembeni.

Imebaki ya chooni. Kule holda ni ya pini na globu nilizonunua ni za kuzungusha, kwa hiyo ile nyeupe bado ipo, na kwa ubishi wangu saa nane usiku naingia bila kuwasha. Juzi nimepiga teke ndoo ya maji, nyumba nzima ikaamka.