Dokumentari: ingia kwa lugha kabla ya kamera

Wadogo zetu wa Moshi na Arusha wanaotaka kuingia kwenye dokumentari hutuuliza sisi wa ughaibuni swali lilelile: ninunue kamera gani? Jamani, wenye kamera huku wamejaa. Anayetafutwa ni mtu atakayemwelewa bibi wa Marangu akichanganya Kichaga na Kiswahili kwenye sentensi moja, kisha ayaweke maneno yake kwenye skrini bila kuyapotosha. Hata aliyezoea kupiga video za harusi aanzie hapo.

Mhariri anakutumia mahojiano ya saa mbili, taimkodi, yaani saa inayohesabu muda wa video, ikionekana juu ya picha. Unaandika kila kinachosemwa pamoja na muda kinapoanzia, halafu unatafsiri. Sabtaito, yaani tafsiri inayosomwa chini ya picha, isizidi mistari miwili, kila mstari herufi kama 42 pamoja na nafasi, na ikae kwenye skrini kati ya sekunde 1 na 7. Kwa kubanwa hivyo, wengi huandika neno la karibu tu na kuharibu. Bibi akitaja kihamba, ukaandika shamba, mtazamaji hataelewa kwa nini ndugu hawasemezani. Kihamba ni ardhi ya ukoo, yenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee. Mshauri mhariri aliache neno lilivyo na alieleze mara ya kwanza linapotokea. Ukishauri hivyo, utaanza kuulizwa na mengine: tumhoji nani, tumkute saa ngapi, nani aombwe ruhusa kwanza. Huo tayari ni utafiti wa filamu, na ulipwe kama utafiti.

Ukiitwa uwanjani, kubali kazi ya kurekodi sauti. Rekodi kwa kHz 48, biti 24, kilele cha sauti kikicheza karibu na -12 dB kwenye mita ya kinasa sauti. Friji ya sebuleni izimwe, isije ikasikika ikinguruma. Weka ufunguo wa gari ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha. Kabla watu hawajainuka, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Mhariri atautumia ukimya huo kuzibia pale alipokata maneno.

Timu ikitoka Marekani, kagua kamera zao. Umeme wa kule ni Hz 60, wetu ni Hz 50. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, ikibaki sekunde 1/60, taa za tyubu zitachora mistari inayotembea kwenye picha, na kuifuta baadaye ni mateso. Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata 1/50. Betri za akiba zishuke uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenye begi la mkononi, si lile linaloingia tumboni mwa ndege, kila moja isizidi Wh 100, ncha zikizibwa kwa utepe.

Vibali viombwe kabla ya kukata tiketi: Bodi ya Filamu kwa upigaji wenyewe, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kwa droni, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) mkipanda Mlima Kilimanjaro.

Malipo ya kutafsiri patana kwa dakika ya rekodi. Na mkataba uandike kwamba jina lako litatokea mwisho wa filamu, kwa sababu mtayarishaji anayefuata atakutafutia hapo.