Wiki ya Kufumua

Tulikuwa tunatafuta mshumaa. Stima ilipotea Jumatano jioni, tarehe 9 Agosti 2017, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, televisheni ikazimika nambari za kura zikiwa bado zinapanda. Mwende, aliyekuwa na miaka minane, akaingia chini ya kitanda na tochi ya simu yangu akidai ameona pakiti ya mishumaa huko wakati wa kufagia. Badala ya mishumaa akaburuta sanduku la bati la bluu, lile nililoendea nalo kidato cha kwanza mwaka 1993, jina langu bado liko kifunikoni kwa rangi nyeupe.

"Mama, hili lina nini?"

Nilimwambia alirudishe. Nilijua vizuri lina nini.

Waliokuwa Nairobi wiki ile watakumbuka jinsi jiji lilivyonyamaza. Wengi walikuwa wameshaenda mashambani kupiga kura, na sisi tuliobaki tulikuwa tumeweka unga, mafuta na mkaa kana kwamba tunajiandaa kwa msiba. Huku Buruburu matatu za 58 zilipita moja moja, hata hazikupiga honi. Baba Mwende alikuwa amepata ukarani katika kituo cha kupigia kura na alikuwa hajarudi. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Mwende, na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Machakos kuangaliwa macho wiki iliyotangulia, nauli ikapanda na magari yakajaa, akakwama kwetu. Alikosa kupiga kura kwa sababu hiyo, na jambo hilo lilimuuma sana. Tangu Jumatatu alikuwa ameketi karibu na dirisha akisuka kiondo, anasokota katani kwenye paja bila hata kuiangalia, mdomo umefungwa.

"Lete hapa hilo sanduku," akamwambia mjukuu wake. Susu, yaani nyanya yake, akisema, Mwende hangoji ruhusa yangu.

Basi tuliwasha taa ya sola, sanduku likafunguliwa sakafuni. Harufu ya dawa ya nondo ikatutangulia. Kulikuwa na vitambaa vya makochi nilivyovianza tulipokuwa kwenye chama cha akina mama, kila mmoja akitakiwa kujitengenezea seti yake: vinne vimekamilika, cha tano nusu. Kulikuwa na foronya mbili za kudarizi, moja imeandikwa "Lala" na waridi pembeni, neno la pili likiwa bado alama za karatasi ya kaboni tu. Kulikuwa na viraka vya vitenge, vingi ajabu, masalio ya fundi mmoja wa soko la Burma niliyekuwa nikimpitia kila Jumamosi, vimeshaunganishwa mpaka vikawa kipande cha kutosha kitanda, kisha vikakunjwa. Kulikuwa na spoku mbili za baiskeli zilizonolewa ncha. Hizo nilimwonyesha Mwende kwa fahari. Sisi tuliosoma mfumo wa elimu wa 8-4-4 tulifundishwa kufuma shuleni, na kama nyumbani hapakuwa na pesa ya sindano, kaka yako alikukatia spoku na kuisugua kwenye jiwe. Soksi zangu za kwanza za mtoto mchanga, darasa la sita, nilizifuma kwa hizo spoku.

Na chini kabisa kulikuwa na sweta ya manjano.

Niliianza mwaka 2009, mimba ya Mwende ikiwa na miezi mitano. Nilinunua uzi Mtaa wa Biashara, nikachagua manjano kwa sababu sikujua ni mvulana au msichana. Sindano namba 10 kwa pindo linalovutika, namba 8 kwa mwili. Mgongo ulikamilika. Upande wa mbele ulifika kwapani ukasimama, vitanzi bado viko kwenye sindano, na karatasi ndogo imebandikwa kwa pini: alama za mistari, vijiti vitano vitano, kila cha tano kimelazwa juu ya wenzake. Kundi la mwisho lina vijiti vitatu tu.

Kwa miaka minane nilikuwa nimewaambia watu kwamba niliacha kwa sababu mtoto alikuja mapema, kisha kazi, kisha kuhamia Buruburu. Mama mkwe aliichukua ile sweta akailaza pajani. Hajawahi kufuma sweta maishani mwake. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kwapa la kushoto, taratibu, kisha la kulia, akarudi kushoto, akasimama.

"Mama Mwende, hapa pamepanda."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Ni kweli palikuwa pamepanda. Upande wa kulia nilikuwa nimepunguza kitanzi kimoja kila baada ya mstari mmoja, inavyotakiwa. Upande wa kushoto, kwa kuzungumza na mgeni huku mikono inakwenda, nilipunguza kila mstari. Bega moja lingetoka jembamba kuliko lingine kwa vidole viwili. Niliona kosa nikiwa nimeshapita mistari kumi na mmoja. Kurudi nyuma mistari kumi na mmoja si kazi ya kumshinda mtu, ni jioni moja tu. Lakini kufumua kilichotoka mikononi mwako mwenyewe kunauma, na jioni ile sikuwa tayari kuumia. Nikaichoma pini ile karatasi, nikaiweka kando mpaka kesho.

"Kwa hiyo si wakati ulikosa," akasema, bila ukali wowote. "Uliogopa kuifumua."

Halafu akachukua kitambaa cha tano, akauliza, "Na hiki nacho kina nini?" Nikaeleza. Uzi uliisha, nikaenda kununua mwingine, rangi ileile ya maziwa kwa jina, lakini ulikuwa wa mkupuo mwingine wa kiwandani na ukilazwa karibu na ule wa kwanza ulionekana wa kijivu. Kila karatasi ya uzi huchapwa namba ya mkupuo wake, na anayenunua bila kuitazama hugundua akiwa nyumbani. Na foronya? Herufi ya S ilinishinda kupinda, nikaitoa mara tatu mpaka kitambaa kikaanza kuonyesha matundu. Na viraka? Nilipoweka blanketi kuukuu katikati na shuka chini, tabaka zilitembea chini ya cherehani, zikakunjamana.

Nilipokuwa nikieleza hayo yote kwa mwanga wa ile taa ndipo nilipoona kwamba hakuna kitu ndani ya sanduku kilichosimama mahali pasipo na sababu. Kila kazi ilikuwa imesimama palepale penye kosa lake.

Stima ilirudi saa nne usiku. Hatukuwasha televisheni mara moja.

Alhamisi asubuhi nilimvalisha Mwende ule mgongo kwa kuushikilia nyuma yake. Ulifika katikati ya mabega, basi. Hapakuwa na haja ya kurekebisha mistari kumi na mmoja. Sweta yote ilipaswa kurudi kuwa uzi. Nilitoa sindano, vitanzi vikabaki vimefumbua macho, na mkono wangu ukakataa kuvuta. Mwende ndiye aliyevuta. Uzi ulitoka kwa mlio mdogo, trr, trr, mstari baada ya mstari, mawimbi yake yale ya vitanzi hayakunyooka, naye akicheka jinsi ulivyojikunja kama tambi. Nilimfundisha kuuzungusha kwenye mgongo wa kiti. Ulipofika kwenye pindo la kwanza kabisa, pale nilipoanzia mwaka 2009 nikiwa nimeketi na tumbo langu, nilimwomba asimame kidogo. Nikaushika ule mwisho. Kisha nikamwambia aendelee.

Uzi uliofumuliwa haufai kufumiwa vilevile, vitanzi vipya vitatoka kombokombo. Tuliufunga mafungu mawili, tukauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, tukautundika nje, na chini ya kila fungu tukaning'iniza chupa ya maji ili uzito uunyooshe. Agosti ya Nairobi haina jua la maana. Ulikaa pale hadi Jumamosi ukidondosha, kisha ukinyauka polepole, na kila aliyepita ngazini aliuliza ni kitu gani.

Siku hizo mbili za kungoja nilizitumia kwa mengine. Vitambaa nilivimaliza kwa namna ambayo ningeiona tangu mwanzo kama nisingekasirika: ule uzi wa kijivujivu niliupa kazi ya pindo, nikazungushia vyote vitano, hata vile vinne vilivyokuwa tayari. Tofauti ikawa pambo. Blanketi la viraka tulilitandaza sebuleni baada ya kusukuma meza, mimi na mama mkwe tukalipiga bandi kwa mkono kutoka katikati kwenda nje, kila upana wa kiganja, kabla cherehani haijaligusa. Tulikuwa tumepiga magoti pande mbili tukisogea nyumanyuma, naye akaanza kunisimulia habari za mama yake, mambo ambayo kwa miaka kumi ya ndoa sikuwahi kuyasikia. Baba Mwende aliporudi alitukuta hivyo, akaruka viraka kwenda jikoni kutafuta muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe.

Ijumaa usiku matokeo yalipotangazwa nilikuwa kwenye ile S. Upande mmoja wa mtaa zilipigwa firimbi, upande mwingine kimya kilikuwa kizito. Hakuna aliyefungua mlango kwetu. Mama mkwe alikaa na katani yake, mimi na sindano yangu, na pale kwenye matundu nilikuwa nimeshonea kwa ndani kipande kidogo cha kitambaa cheupe kushika nyuzi. S ilipinda. Nilimwamsha Mwende aione, akasema ni nzuri bila kufungua macho.

Kutoka kwenye uzi wa manjano nilimfumia kofia ya baridi. Nilihesabu mistari kwenye karatasi ileile, nikianzia kijiti cha nne pale nilipokuwa nimeachia. Katikati nilikosea, nikafumua mistari sita papo hapo, mama mkwe akitazama, sikusema kitu naye hakusema. Aliivaa Mwende hadi shule zilipofunguliwa, na ndani ya nyumba pia.

Ulibaki uzi wa ukubwa wa limau. Jumanne tulipompeleka mama mkwe stendi ya Machakos Country Bus nilimbebea kiondo chake hadi kwenye gari. Alikuwa amekimaliza usiku uliotangulia, sisi tumelala. Karibu na ukingo, juu ya katani ya kahawia, alikuwa amezungusha mstari mmoja wa manjano, na mwisho wa uzi hakuukata. Aliuingiza kwa ndani, ukaning'inia kidogo tu, urefu wa kidole, ili ukitaka kuuvuta uupate.